Oili inayovuja mbele ya injini: sili ya krenki kwenye Corolla ya zamani

SWALI: Habari ya kazi, fundi. Mimi ni mwalimu, naishi Kisumu na nafundisha Mbale, kwa hiyo kila siku ya shule napanda vilima vya Nyang'ori asubuhi na kuvishuka jioni. Gari langu ni Toyota Corolla 110, injini ya 5A ya petroli, gia za mkono. Kwa miezi kadhaa sasa linaacha alama ya oili pale ninapoliegesha, upande wa dereva, na naongeza karibu nusu lita kila wiki mbili. Nakisia ni sili ya mbele ya krenki, ile pete ya mpira inayozuia oili pale shafti kuu ya injini inapotokeza. Fundi wa kwanza amesema injini yote ifunguliwe. Wa pili alipaka silikoni kwa nje, ikashika siku nne. Wa tatu anasema nitumie oili nzito niachane nayo. Shemeji yangu anajua kushika spana na yuko tayari kuifanya kazi hii nyumbani Jumamosi. Afanye? Na kwa sasa naweza kuendelea kuliendesha?

JIBU: Pole, mwalimu, na asante kwa kueleza vizuri. Wengi huniambia "gari linavuja" halafu wananyamaza.

Nianze na swali lako la mwisho, maana kesho ni siku ya kazi. Injini ya 5A hubeba oili lita 3 hivi tu, pamoja na ile ya kwenye filta. Hiyo nusu lita unayoongeza basi ni sehemu ya sita ya oili yote iliyomo. Unaweza kuliendesha wiki moja au mbili ukitafuta nafasi, ila kwa masharti. Kila asubuhi kabla ya kuwasha, gari likiwa mahali tambarare, chomoa kijiti cha oili uangalie, na uwe na lita moja kwenye buti. Unapotoka Mamboleo kupanda kuelekea Kiboswa injini inavuta kwa nguvu na oili imelalia upande mmoja wa sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Ikiwa imepungua, pampu inaweza kunyonya hewa. Taa nyekundu ya oili ikiwaka, hata ikipepesa tu, weka gari kando na uzime hapo hapo. Usiseme ufike kwanza Kiboswa. Mwendo mfupi bila oili unatosha kugeuza tatizo la sili kuwa tatizo la beringi za krenki, na hapo yule fundi wa kwanza atakuwa amepata alichokitaka.

Kuna sababu nyingine ya kutongoja hadi likizo, nayo ni mkanda wa taimingi, ule unaounganisha krenki na kamshafti, shafti ya juu inayofungua valvu. Sili ya mbele inakaa nyuma ya gia ndogo inayouzungusha mkanda huo. Oili inayotoka hapo inarushwa mkandani, na mpira wa mkanda haupatani na oili: unavimba, unalainika, meno yanaanza kung'oka. Bahati yako ni kwamba 5A iko katika jamii ya injini ambazo mkanda ukikatika valvu hazigongani na pistoni, kwa hiyo itazima tu bila kuvunjika ndani. Lakini itazima popote ilipo. Ukiwa katikati ya mlima, usukani umekuwa mzito ghafla, breki zimepoteza msaada wa injini na lori la mchanga liko nyuma yako, hiyo "itazima tu" haitakufariji.

Sasa mafundi wako watatu. Wa kwanza ama hakuangalia, ama aliangalia akaona kazi ya wiki nzima. Kubadilisha sili ya mbele hakuhitaji pistoni itoke wala hedi, yaani kichwa cha injini, inyanyuliwe. Ni kazi ile ile ya kubadilisha mkanda wa taimingi, ukiongeza nusu saa ya kung'oa sili na kuweka nyingine. Kama alikuwa na sababu ya kutaka kufungua injini, kwa mfano alipima kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda) akaikuta mbovu, alipaswa kukuonyesha namba. Muulize. Asipokuwa nazo, asante na kwaheri.

Wa pili nitamsamehe kwa sababu kila mmoja wetu amewahi kufanya hivyo mteja akilia hana pesa. Ila silikoni inaziba kati ya vyuma viwili vilivyotulia. Hapa kimoja kimetulia na kingine kinazunguka mara 3,000 kwa dakika ukiwa kwenye mlima. Ukiipaka juu ya chuma chenye oili haishiki, na ikishika itakwanguliwa. Siku nne ni nyingi, nimeona ikitoka kabla gari halijafika stejini.

Wa tatu ana nusu ya ukweli. Oili nzito huvuja polepole kidogo. Lakini injini ikishapata moto, hata ile nzito inakuwa nyepesi kuliko unavyofikiri, na asubuhi ya baridi inachelewa kufika juu kwenye kamshafti. Ukiwa unatumia 20W-50, kama wengi wetu huku, usipande zaidi ya hapo. Kuhusu zile chupa za dawa ya kuzuia kuvuja: zinalainisha mpira uliokauka, na wakati mwingine zinanunua wiki chache. Wanaozipenda zaidi ni watu wanaouza gari wikendi hiyo.

Kabla ya spana kushikwa, mna kazi ya kuhakikisha kwamba kinachovuja ni sili ya mbele kweli. Mwambie shemeji aitumie saa moja yote hapa. Sijui ni mara ngapi nimeletewa gari lililobadilishwa sili ya mbele na bado linavuja, kumbe oili ilikuwa inatoka juu, kwenye gasketi ya kifuniko cha tapeti, kile kilicho juu kabisa ya injini, inateremka taratibu hadi chini na kudondokea pale pale. Oili hutelemka, na gari likitembea upepo huirusha nyuma. Tone unaloliona sakafuni linakuambia ilikoishia tu, ilikoanzia inabidi uitafute.

Jambo linalowachanganya watu: "mbele ya injini" si mbele ya gari. Kwenye Corolla yako injini imelazwa kukingama, na mbele yake, yaani upande wenye mikanda, iko kulia, karibu na gurudumu la dereva. Nyuma yake iko kushoto, inapokutana na giaboksi. Ndiyo maana alama yako iliyo upande wa dereva inanifanya niamini umekisia vizuri. Ingekuwa katikati, chini ya kiungo cha injini na giaboksi, ningeishuku sili ya nyuma.

Osheni upande ule wa injini kwa mafuta ya taa na brashi, kisha maji ya sabuni. Injini iwe baridi, na mfunike distribyuta na jenereta. Zamani tulitumia mifuko ya plastiki, lakini tangu marufuku ya 2017 mimi hutumia kipande cha tyubu ya baiskeli. Ikauke kabisa. Kisha mpulizie poda ya mtoto, ile ya kawaida ya dukani, kuanzia kifuniko cha tapeti hadi kwenye sampu. Washa, ngojea dakika kumi na tano, halafu zunguka mtaa mara moja. Ukirudi, chukua tochi uanze kuangalia kutoka juu. Oili itakuwa imechora njia yake kwenye poda, na mahali pa juu kabisa palipolowa ndipo inapotoka. Pakiwa chini ya kifuniko cha tapeti, nunua gasketi na usifungue kitu kingine. Paliponyunyiziwa kote kwa duara nyuma ya puli ya krenki, huku juu pamekauka, ni sili ya mbele. Kama ndani ya kava za taimingi pamelowa kuanzia kwenye puli ya kamshafti, hiyo ni sili ya kamshafti, ndugu yake wa juu, ambayo hubadilishwa safari hiyo hiyo. Kwenye 5A mkanda unazungusha puli moja tu ya kamshafti, ile nyingine inasukumwa kwa gia ndani ya kifuniko, kwa hiyo sili ya juu ya kubadilisha ni moja.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo hakuna hata mmoja wa mafundi wako aliyeligusa, na ndilo ningekushika mkono kulisema kama ungekuwa hapa kwenye kibanda. Sili imevuja kwa sababu gani?

Umri ni sababu halali. Mpira wa sili ukichemka na kupoa kila siku kwa miaka mingi unakuwa mgumu kama kwato. Mdomo wake, ambao ni ukingo mwembamba unaoilamba shafti, unapoteza unyumbufu. Lakini kuna sababu ya pili, nayo huwarudisha watu gereji mara tatu.

Miaka ya mwanzo ya kazi yangu, mwenye teksi mmoja wa Kondele aliniletea Toyota 100 yenye injini kama yako. Nikabadilisha sili ya mbele. Wiki ya tatu akarudi, linavuja. Nikalaumu sili, nikanunua nyingine ghali zaidi. Akarudi tena. Ya tatu niliiweka bila malipo, kwa aibu, na siku ya nne alikuwa mlangoni amekunja mikono. Mzee aliyenifundisha kazi alikuwa anapita. Hakuinama kabisa. Alifungua boneti, akachomoa valvu ndogo ya PCV iliyo juu ya kifuniko cha tapeti, akajaribu kuipuliza, haikupitisha hata pumzi. Ilikuwa imejaa masizi kama bomba la jiko. Akaniambia, "Wewe unamziba mtu pua halafu unashangaa anapumua kwa mdomo."

Injini yoyote hupitisha moshi kidogo kati ya pistoni na silinda, ukaingia chini kwenye sampu. Moshi huo unatakiwa utoke kupitia PCV, uvutwe na injini na kuunguzwa tena. Njia hiyo ikiziba, shinikizo linapanda ndani, na shinikizo linatafuta pahali palipo dhaifu, yaani sili. Unaweza kuweka sili ya dhahabu na bado itasukumwa. Gari linalopanda mlima kila asubuhi, kama lako, hutengeneza moshi huo mwingi kuliko linalozunguka mjini tambarare.

Kwa hiyo ichomoeni PCV kabla ya Jumamosi. Itikise: inapaswa kulia kama kichezeo cha mtoto. Puliza kwa mrija safi kutoka upande unaoingia kwenye kifuniko, hewa ipite kwa urahisi. Puliza kutoka upande wa pili, iwe ngumu. Usiinyonye, ile mivuke si ya mapafu ya mtu. Angalieni na mipira yake yote miwili, ule unaokwenda kwenye manifodi na ule unaokwenda kwenye bomba la hewa, maana huwa inajikunja kwa ndani ikazeeka na kuziba bila kuonekana. Valvu yenyewe si ya bei ya kutisha. Kama ina shaka, weka mpya.

Kisha fanyeni hili: injini ikiwa na moto na inanguruma taratibu, fungueni kifuniko cha kujazia oili na muweke karatasi nyepesi juu ya tundu. Karatasi ikivutwa kidogo au ikitulia, injini inapumua vizuri. Ikirushwa, na moshi ukatoka kwa mapigo kama sigara ya mlevi, hata baada ya PCV mpya, basi ringi za pistoni zimechoka. Hapo mpeni mtu apime kompresheni ya silinda zote nne. Cha kutazama zaidi ni kama zinafanana: moja ikiwa chini sana kuliko wenzake, mazungumzo ya sili yaahirishwe. Hapo tu ndipo kufungua injini kunaingia kwenye hesabu.

Tuchukulie PCV ndiyo, au umri ndio. Je, shemeji afanye? Kama amewahi kubadilisha mkanda wa taimingi, afanye. Kama amewahi kubadilisha breki na oili tu, afanye na mtu aliyewahi, na wasiianze saa nane mchana. Ni kazi ya siku nzima kwa asiyeizoea.

Spea za kununua kabla: sili ya krenki, sili ya kamshafti, mkanda wa taimingi, gasketi ya kifuniko cha tapeti, na beringi ya kukaza mkanda kama ya sasa inanguruma ikizungushwa kwa kidole. Nyuma ya kava huwezi kujua hali yake mapema, kwa hiyo kubaliana na mwenye duka kwamba ukiirudisha haijaguswa ataipokea. Mkanda ule wa zamani usirudi hata ukionekana mzima, maana umekunywa oili, na kuuosha kwa petroli ni kuumaliza. Toyota wenyewe kule Japani huhesabu mkanda kwa kilomita 100,000, na sidhani kama unajua wako una ngapi. Ukiambiwa ununue na pampu ya maji kwa sababu "inazungushwa na taimingi", kataa. Kwenye injini yako pampu ya maji inazungushwa na mkanda wa nje. Ibadilishe kama inavuja au ina mchezo.

Kuhusu sili yenyewe, usinunue kwa kuangalia ukubwa wa macho. Mara nyingi huwa na namba tatu usoni: kipenyo cha ndani, cha nje, na unene, kwa milimita. Zilingane na za ile ya zamani. Mimi huchukua ya NOK ya Japani kwenye duka ninalolijua, maana boksi lolote siku hizi linaweza kuchapishwa. Bonyeza mdomo wake kwa kidole: uwe laini, unaorudi haraka, na kale kaspringi ka duara kawe kamekaa sawasawa kote. Mpira wa kawaida mweusi unavumilia joto la nyuzi 100 na kidogo. Ule wa fluoro, ambao mara nyingi ni wa kahawia ingawa rangi peke yake si ushahidi, unafika karibu na 200. Ukipata wa pili kwa tofauti ndogo ya bei, chukua.

Kazi yenyewe, nitapita haraka pale ambapo shemeji anajua. Betri itolewe waya wa hasi. Gari linyanyuliwe mbele kulia na likae juu ya stendi, si juu ya jeki peke yake, na si juu ya tofali. Tofali hupasuka bila kupiga hodi. Gurudumu litoke, plastiki ya kukinga matope itoke, mikanda ya nje itoke. Plagi zitoke ili injini izunguke kirahisi. Kifuniko cha tapeti kitoke. Injini ishikiliwe kwa jeki kutoka chini, kipande cha mbao kikiwa kati ya jeki na sampu, halafu mauntingi ya kulia, yaani kishikizo cha injini, ifunguliwe.

Kabla ya kuondoa kitu chochote cha mkanda, zungusheni krenki kwa mwelekeo wa saa hadi alama ya puli ikae kwenye 0 ya kava, na kile kitundu kidogo cha puli ya kamshafti kikae sawa na alama ya kwenye kifuniko cha beringi nyuma yake. Alama ya chini ikikaa na ya juu isikae, zungusheni mara moja zaidi. Pigeni picha kwa simu. Picha ya simu imeokoa ndoa nyingi za mashemeji.

Bolti ya krenki ndiyo inayowatoa watu jasho. Kwa kuwa gari lako ni la gia za mkono, weka gia ya tano, mtu akanyage breki kwa nguvu, mwingine afungue kinyume cha saa kwa spana ndefu. Kuna ujanja wa kuikita spana kwenye fremu na kugusa stata iifungue bolti. Nimeuona ukifanya kazi, na nimemwona kijana akifungwa mkono kwa sababu yake. Msiujaribu. (Na shemeji akija kufanya hivi kwenye Honda za zamani, akumbuke nyingi kati yake zinazunguka upande wa pili.) Baada ya bolti kulegea, hakikisheni alama bado ziko pale zilipokuwa. Puli ikigoma kutoka, tumieni pula inayoshika kwa bolti kwenye matundu yake, msiing'oe kwa bisibisi ukingoni. Kava zikishatoka, legezeni beringi ya kukaza, mkanda utoke, kisha lile sahani dogo lililo mbele ya gia, kisha gia yenyewe. Gia imeshikiliwa na kichuma kidogo kinacholala kwenye mfereji wa shafti, ambacho makanika hukiita kii. Kiwekeni kwenye kikombe, si mfukoni.

Sasa mnaiona sili. Hapa polepole. Chukueni kisu chenye makali, mkate mdomo wa mpira, halafu bisibisi bapa iliyofungwa tepu nchani iingizwe pale palipokatwa na kung'oa kwa kuegemea chuma cha nyumba, kamwe si shafti. Mkwaruzo mmoja kwenye shafti, ule unaokwenda kutoka ndani kuja nje, ni mfereji wa kudumu wa oili, na hakuna sili itakayouziba. Nyumba ya sili ni bodi ya pampu ya oili, nayo ni ya aluminiamu, laini, kwa hiyo na yenyewe ihurumiwe.

Ikishatoka, futa shafti kwa kitambaa safi na upitishe ukucha pale mdomo wa zamani ulipokuwa unalamba. Utaona mstari unaong'aa. Ukucha ukipita bila kukwama, poa. Ukikwama, shafti imelika. Sili mpya ikikaa mahali pale pale itavuja baada ya muda mfupi, na hii ndiyo sababu ya pili ya watu kurudi gereji. Dawa yake ni ama kuvika shafti ala nyembamba ya chuma iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, ama kuisukuma sili mpya kwa tofauti ya kama milimita moja ili mdomo ulambe sehemu mpya. Mimi huanza na hii ya pili, kwa uangalifu kwamba sili isiende kugonga mwisho wa ndani na isikae upande.

Kuiweka: mdomo wenye springi uangalie ndani, kwenye oili. Paka grisi nyembamba mdomoni. Mfereji wa kii una kingo kali zinazoweza kuukata mpira wakati unapita, kwa hiyo kata kipande cha chupa ya soda ya plastiki, kizungushie shafti, sili iteleze juu yake, kisha kivute kitoke. Halafu tafuta bomba au soketi kubwa yenye upana wa sili ya nje, na upige taratibu ukizunguka, hadi uso wa sili ufike sawa na ukingo wa bodi ya pampu, au kwa ile tofauti ya milimita kama shafti imelika. Ukiona upande mmoja umezama kuliko mwingine, simama urekebishe kabla hujaongeza pigo. Silikoni hapa haina kazi yoyote.

Kurudisha ni kinyume, na mambo matatu ya kutazama. Lile sahani la mbele ya gia lina uso uliojipinda. Upande uliobonyea kama kikombe uangalie nje. Mkanda mpya ukishavikwa, acheni springi ivute beringi, zungusheni krenki kwa mkono raundi mbili kamili kwa mwelekeo wa saa, alama zikutane tena, ndipo mkaze bolti ya beringi. Zisipokutana, rudieni, hata kama giza linaingia. Na bolti ya krenki: kwenye 4A-FE, ndugu wa karibu wa injini yako, Toyota wanataka 118 Nm. Kama hamna spana ya torki, ile inayopima nguvu ya kukaza, hiyo ni sawa na kuning'iniza beli moja ya unga, zile pakiti 12 za kilo mbili, kwenye ncha ya spana ya nusu mita iliyolala sambamba na ardhi. Si makisio mazuri sana kwa kazi hii, lakini ni bora kuliko "kaza mpaka usikie". Ikilegea, puli itacheza na kula ule mfereji wa kii, na krenki ikiharibika hapo mtajuta.

Jazeni oili hadi kati ya alama mbili, msipitishe ya juu, maana oili iliyozidi hupigwa povu na kuongeza shinikizo lile lile tulilokuwa tunalikimbia. Oili chafu mkiimwaga isiende mtaroni, mitaro ya Kisumu inaishia ziwani. Jirani yako mwenye ua wa nguzo za mbao ataipokea kwa furaha azipake dhidi ya mchwa.

Washeni, liache lingurume dakika kumi, angalieni kwa tochi. Jumatatu ukifika shuleni angalia tena, na baada ya kilomita 500. Usishtuke ukiona unyevu kidogo siku za mwanzo kwenye sehemu ambazo hazikuoshwa vizuri. Tandaza kadibodi safi chini ya gari kila usiku na uandike tarehe pembeni, itakuambia kama linapungua au la. Kadibodi ikibaki safi upande wa dereva lakini ikapata tone jipya katikati, pale injini inapokutana na giaboksi, msimlaumu shemeji. Hiyo ni sili ya nyuma, na kuifikia lazima giaboksi ishuke. Hiyo lipeleke gereji.